Aiskrimu ya Gakenia na maombi ya pasta

Katunge uko wapi?? Weka hiyo sufuria chini usome.

Gakenia, bibi ya kaka yangu Mwau, leo ndio mara yake ya kwanza kupikia mama. Na vile mama husema wasichana wa mji hawajui maziwa! Basi akachukua maziwa lala ya kibuyu cha mama mwenyewe, akatia krimu na sukari, akatengeneza aiskrimu. Ikalala kwa friza ya duka hapa Matiliku. Ikatoka ngumu kama jiwe.

Akapakulia kila mtu, hata pasta mgeni wetu, akasimama hapo amejishika mikono kama bibi harusi.

Mama akasema, "Hakuna kitu itaingia mdomo hapa kabla pasta aombe."

Pasta Ndululu, Katunge. NDULULU!! Na hili jua!

Akaombea mvua. Akaombea barabara, chifu, na mbuzi za mzee Nzau. Gakenia akafungua jicho moja, akaona aiskrimu inayeyuka. Akaita "AMINA!" kwa nguvu. Pasta akadhani ameguswa na Roho, akaanza upya.

Kufika amina ya ukweli, kwa bakuli ni maziwa tu. Gakenia machozi tayari.

Pasta akainua bakuli, akamaliza yote. "Kumbe aiskrimu ni maziwa yetu tu, imepigwa na baridi!"

Mama naye akalamba mdomo. "Mwana wangu, nani alisema hujui maziwa?"

Mwana wangu!! Gakenia akacheka na machozi yake.

Sasa ameambiwa Jumapili atengenezee kanisa yote.

Na pasta amesema maombi asisumbuke, ataomba mwenyewe.