Bembea ya Sebuleni

Jumanne, 1 Julai

Chai bila sukari. Iliisha juzi, sijanunua. Baridi ya mtaa wetu wa Mountain View leo inauma vidole. Nimejaribu rangi mpya ukutani kwangu, mbaya; nimerudishia nyeupe.

Saa nne nilikuwa mjini kwa mteja mpya wa kazi yangu ya kupamba nyumba, dukani kwa Bwana Kirit, muuza taa na nyaya za umeme. Nyumba yake iko Lavington: sakafu ya marumaru, kuta za kijivu, vioo kila upande. Nzuri kwa kupigwa picha. Anataka niitie joto, na mapenzi. Alilisema neno hilo mbele ya wafanyakazi wake, mzee mzima. Nikaangalia nyaya.

Kisha akatoa sababu. Mkewe, Ranjan, anaenda kwa mtoto wao Kanada wiki ijayo, Jumamosi usiku. Hajasema kama atarudi. "Anasema kwa hiyo nyumba anakaa kama mtu anangoja ndege. Fanya aipende, madam." Nimekubali kazi. Sikumwambia kwamba pazia halizuii mtu kusafiri.

Alhamisi, 3 Julai

Lavington. Nimepima sebule. Ukiongea, sauti inakurudia. Sofa mbili zimetazamana kwa mbali kama watu walionuniana.

Ranjan ana adabu, lakini hana habari na mimi. Sanduku lake liko wazi chumbani. Nimemwona akipakia champali zake za ndani, zilizolika kisigino. Anayeenda kutembea tu habebi champali kuukuu. Sikupenda.

Mpango: taa za mwanga wa manjano, zulia nene, mapazia ya rangi ya udongo, viti viwili vilivyokaribiana. Stoo nimepata ubao mpana wa mvule, mzito, wenye mashimo kwenye pembe, na minyororo ya shaba. Nikampigia Bwana Kirit kuuliza. Alikuwa na wateja. "Vitu vya stoo chukua tu, zote!" Nikavichukua haraka, asije akabadili mawazo.

Jumanne, 8 Julai

Otieno, fundi wangu wa Kangemi, ameupiga ubao msasa na kuufunga miguu ya chuma. Sasa ni meza ya kahawa. Minyororo tumetundikia taa juu yake. Mashimo tumeyaacha, yanapendeza. Nimejisifu mbele ya Otieno mpaka akawasha redio.

Mapazia yamekuja mafupi. Nimegombana na mshonaji.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya.

Ranjan aliingia sebuleni akaiona meza. Akapitisha kidole kwenye shimo moja. Akainua macho, akaiona minyororo. Hakupiga kelele. Heri angepiga. "Hii ni hichko yetu," akasema, akapanda ghorofani.

Bwana Kirit alikuja mbio kutoka dukani. Akaitazama meza, akakaa sakafuni na suti yake. Yeye ndiye aliyenieleza. Hichko ni bembea ya ndani ya nyumba. Kwao Wagujarati bembea hii huwekwa sebuleni, na si ya watoto. Walipooana, nyumba yao ya mtaa wa Pangani ilijaa ndugu. Mahali pekee walipoweza kukaa bega kwa bega bila kusemwa palikuwa pale, baada ya chakula. Yeye anasukuma kwa mguu, mkewe anamenya chungwa. Walipohamia Lavington, msanifu alisema itaharibu sebule. Bwana Kirit akakubali, ikatupwa stoo. Majuzi kwenye simu hata hakukumbuka kwamba iko huko.

Kwetu bembea ni kamba juu ya mti. Niliona ubao na minyororo, sikuuliza ni vya nini. Nina aibu.

Ijumaa, 11 Julai

Tunairudisha bembea. Otieno ameitoa meza miguu. Ubao una makovu ya skrubu upande wa chini, hayafutiki.

Dari yao ni jasi, haibebi hata paka. Tumeikata kwa msumeno mpaka tukafika kwenye zege, tukachimbia kulabu. Dari niliyokuwa naionea wivu. Sikujali.

Nimeikalia kwanza mimi, kuijaribu. Minyororo inalia. Otieno akachukua grisi, Bwana Kirit akamshika mkono. "Wacha. Inalia hivyo tangu Pangani."

Ranjan hakushuka. Ndege ni kesho. Nimefika nyumbani na vumbi la jasi kwenye nywele, nikawasha taa. Sofa nyeupe, ukuta mweupe. Nimeichukia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeenda Lavington kuchukua ngazi yangu. Bwana Kirit hakwenda dukani leo. Ranjan amesafiri.

Alinisimulia bila kuulizwa. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mkewe alishuka akakaa kwenye bembea, upande wake wa kushoto. Naye Bwana Kirit akakaa, akasukuma kwa mguu. Mkewe akamenya chungwa, akampa nusu. Jioni gari likaja.

Nikakunja ngazi.

Dada wa kazi alikuwa anapiga deki. Alipofika kwenye bembea akainama kuokota kitu. "Hapo usiguse," Bwana Kirit akasema.

Nikachungulia. Chini ya bembea, upande wa kushoto, champali za Ranjan. Zile zile zilizolika kisigino. Amezitoa sandukuni.

Nimepitia dukani, nimenunua sukari.