Sisikii Chakula

Jumatatu, 26 Julai 2021

Nimehamia chumbani. Meza ya sebuleni sasa ni ya Chepngetich, pamoja na kiti chenye mgongo na lile dirisha linalotazama reli ya Seven Hills, huku Sydney. Hakuichukua kwa ugomvi. Aliniuliza jana akikausha vyombo: Mwiti, mikutano yangu imekuwa mingi, tutafanyaje? Nikamwambia chukua tu, mimi nasoma popote. Nilisema kwa sauti nzuri kabisa.

Kwa hiyo nasomea juu ya ubao wa kupigia pasi. Si mbaya. Unapanda na kushuka.

Kuna jambo siwezi kumwambia mtu, basi niliandike hapa — mimi ndiye niliyeanza. Ufadhili ulikuwa wangu. Viza ilikuwa yangu, na yeye aliandikwa chini yangu kama mke. Mwaka wote wa kwanza alipanda treni kwenda Auburn kuogesha wazee ili mimi niandike tasnifu. Kisha akaomba nafasi yake mwenyewe kitivo cha teknolojia, akapata. Nilifurahi. Nakumbuka tulichoma nyama, na mimi ndiye niliyeigeuza.

Leo amecheka kwenye Zoom na profesa wake. Kicheko kirefu. Nikajaribu kukumbuka ni lini msimamizi wangu alicheka nikizungumza.

Alhamisi, 29 Julai

Wiki ya Utafiti ya chuo. Yote kwenye skrini mwaka huu, kila mwanafunzi wa uzamivu na dakika zake chache, na mwisho mshindi mmoja.

Kulikuwa na kila aina. Msichana anachunguza barua za mapenzi za wachimba dhahabu wa zamani. Bwana mmoja wa elimu anataka kujua kwa nini mtoto hunyamaza darasani na mwalimu akadhani hajui kitu. Mwingine anafundisha roboti kukunja shuka za hospitali. Mambo haya ndiyo yaliyonileta huku. Zamani ningekaa na kalamu, niandike kila jina. Leo nilikuwa napima tu — huyu amepongezwa na nani, yule ameulizwa maswali mangapi.

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza jinsi Warundi waliokulia kwenye kambi za wakimbizi kule Tanzania walivyojifunza kusoma: chini ya turubai, kitabu kimoja darasa zima, kwa Kiswahili ambacho mama zao hawakukijua. Nikawawekea sauti ya Lazare akisimulia alivyokuwa akisoma kitabu kikiwa kichwa chini, kwa sababu alikaa upande wa pili wa aliyekishika. Mpaka leo anaweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa. Nilidhani watacheka, au watalia. Kimya. Kisha mama mmoja akauliza kwa upole, matokeo haya yatamsaidia nani? Nikajibu vibaya. Hata sikumbuki nilisema nini.

Baadaye Chepngetich. Mgonjwa anapiga simu, anasema kwa Kiswahili anavyojisikia, mashine inaandika kwa Kiingereza na kupanga nani apigiwe na nesi kwanza. Basi. Hakuna aliyemuuliza itamsaidia nani. Sauti yake ilinifikia mara mbili, ya mlangoni na ya kompyuta ikichelewa nyuma yake. Mioyo myekundu ikapanda kwenye skrini.

Ameshinda. Nikapiga makofi humu chumbani. Akasikia, akasema asante mpenzi, mbele ya watu wote.

Jumanne, 3 Agosti

Lazare!

Ilinichukua mwaka mzima kumfanya Lazare aniamini. Nilienda Doonside kila Jumamosi. Nilikula kwake, nilibeba viti vya kanisa lao, nilimsaidia binti yake Iteka na hesabu, ingawa ananijibu kwa Kiingereza tu. Mkewe Anésie alikuwa ananiita mgeni, halafu mwalimu, halafu shemeji. Ndipo wakaanza kunisimulia.

Chepngetich amewapigia simu mara moja. Simu moja. Leo amepata waumini karibu wote wa kanisa, wanajirekodi kwenye simu zao, wanamtumia sauti. Anahitaji Kiswahili cha kila aina, anasema, maana mashine yake imelishwa taarifa za habari za redio na haijawahi kumsikia mtu anayeumwa.

Nikampigia Lazare. Nikajifanya namsalimu.

"Mwalimu, tunamusaidia bibi yako," akasema. "Kazi yake iko muzuri sana."

Nikamwambia ndiyo, nzuri. Kisha nikauliza kama tutaendelea na mahojiano yetu kwa simu, kwa kuwa sasa, kwa ajili ya korona, haturuhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano na Doonside iko nje kidogo.

Akasema, "Tutaona, mwalimu. Wewe unauliza mambo ya zamani. Ya zamani inaumiza kichwa. Dada yeye anauliza ya leo."

Hakuwa na ubaya. Ndiyo maana imeniuma.

Ijumaa, 13 Agosti

Msimamizi wangu amenipigia asubuhi. Chuo kinapunguza watu, na idara yetu ndiyo ya kwanza. Yeye anaondoka Desemba. Ameomba radhi kama aliyemwaga chai. Atatafuta mtu wa kunipokea, labda kitivo cha elimu, labda itabidi nibadilishe mada kidogo. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema tasnifu nzuri huishi popote.

Nikatoka kwenda kumwambia Chepngetich. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule, simu sikioni, ananipungia mkono ninyamaze. Redio. Wanamtaka kwa mahojiano. Alipokata akanirukia shingoni. Nikamkumbatia. Nikasema hongera. Yangu nikarudi nayo chumbani.

Jioni ya leo alipika ugali na sukuma. Akaniuliza, mbona umepoa? Nikasema mgongo, ule ubao. Akasema basi rudi mezani, mimi nitahamia jikoni. Anavyosema hivi kwa roho safi ndivyo ninavyozidi kuchukia. Laiti angekuwa na kiburi kidogo.

Jumamosi, 14 Agosti

Ameniomba kitu. Ana rekodi za mwisho za majaribio, na kando ya kila moja, ilichoandika mashine. Ameshazisikiliza mpaka masikio yamechoka, hatofautishi tena. "Zipitie tu, Mwiti. Wewe ndiye unawajua wale watu wanavyoongea."

Nimezipitia zote. Nyingi ziko sawa, lazima niseme. Ni kazi nzuri. Nilitamani iwe mbaya.

Kisha Anésie. Sauti yake ile ya taratibu, anaigiza mgonjwa: "Tangu juzi sisikii chakula."

Mashine imeandika: mgonjwa ana tatizo la masikio. Si la haraka.

Nikarudia. Ni hivyo hivyo.

Mimi hili nalijua. Nina kurasa nyingi juu ya neno hili. Anésie akisema sisikii chakula hana shida ya masikio — hapati ladha, hapati harufu. Kwao kusikia ni kwa ulimi, kwa pua, kwa ngozi, kwa akili. Hata sisi tunasikia njaa na baridi. Na mwaka huu, mtu asiyepata ladha wala harufu, kila mtu anajua ana nini.

Nilikaa na hizo hedifoni kichwani. Nikawaza siku ya utetezi wa tasnifu yake. Nikawaza mtu mmoja kwenye jopo, Mrundi au Mkongo, ananyoosha mkono, anauliza. Chepngetich anakwama kidogo. Kidogo tu. Aone ilivyo kusimama mbele ya watu na kimya kikushike.

Akauliza kutoka sebuleni: vipi?

Nikasema, "Ziko sawa."

Jumatatu, 16 Agosti

Mashine ya Chepngetich imeanza kutumika leo. Sio majaribio ya darasani — namba halisi, watu halisi. Gitau, nesi wa Nyeri anayesimamia kliniki inayoitumia, ameitangaza kwenye makundi yote ya WhatsApp ya Waafrika wanaoishi upande wa magharibi wa Sydney.

Nikamuuliza Chepngetich, si ulisema mwezi ujao? Akasema, nilikwambia wiki iliyopita wameharakisha kwa sababu maambukizi yamepanda. Nilikwambia hapa hapa. Ulisema sawa.

Inawezekana. Siku hizi anapozungumza juu ya kazi yake huwa nasubiri amalize.

Jumanne, 17 Agosti

Nitamwambia kesho. Nitasema nimekumbuka kitu. Ni neno moja, atalirekebisha mara moja.

Jumatano, 18 Agosti

Leo mahojiano ya redio. Alikuwa amevaa ile blauzi ya kijani, kwa redio. Haikuwa siku ya kumwambia.

Jumatatu, 23 Agosti

Kafyu imeanza huku kwetu. Helikopta ya polisi imezunguka mchana wote kama nzi.

Bado sijamwambia. Nimeona kila siku inayopita inabadilisha swali. Wiki iliyopita angeuliza, umeona nini? Sasa atauliza, uliona lini?

Amenisomea ujumbe wa mzee wa Blacktown aliyepata kitanda upesi kwa sababu ya ile namba. Alilia akisoma. Nikafurahi kweli, na chini ya furaha kukawa na kile kitu changu, kimelala, kinapumua.

Jumatano, 25 Agosti

Lazare amepiga saa ya chakula cha mchana. Simu yangu, si ya Chepngetich.

"Mwalimu. Wamemuchukua Anésie na ambulansi."

Nikamuuliza anaumwa nini. Nilikuwa najua kabla hajajibu.

Alianza wiki iliyopita. Alikuwa likizo, nyumbani na watoto. Alipika mchuzi, Iteka akasema mama umetia chumvi mara mbili, yeye hakuionja. Alhamisi akapiga ile namba. Akasema sisikii chakula, vile vile alivyosema kwenye rekodi, kwa sauti yake ile ya taratibu. Akajibiwa kwa ujumbe: tatizo la masikio, si la haraka, utapigiwa.

"Tulingoja simu ya masikio," akasema Lazare. "Mimi nilimwambia twende hospitali. Yeye akasema hapana, hii ni mashine ya dada, inajua."

Leo asubuhi alishindwa kupanda ngazi. Amewekewa oksijeni. Lazare haruhusiwi kumwona. Yeye na watoto wamefungiwa ndani, wote wanakohoa, atakuwa anapigiwa na wodi mara moja kwa siku. Akaniuliza kama najua neno moja la Kiingereza aliloambiwa. Nikamweleza maana yake. Ni kwamba hali yake haijabadilika.

Chepngetich alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia jina. Akaichukua simu mkononi mwangu na kuanza kulia kabla ya salamu. "Nisamehe, baba Iteka. Nisamehe." Na Lazare — mkewe yuko kwenye oksijeni — Lazare anambembeleza yeye. Namsikia kwenye simu: pole dada, pole, si wewe, ni ugonjwa.

Mimi hakuniambia pole. Angeniambia pole ya nini?

Akakata simu, akaenda kuizima ile namba. Kisha akanigeukia. Nikadhani ndiyo sasa.

"Sisikii chakula," akasema. "Nimeisikiliza ile rekodi labda mara ishirini, Mwiti. Ilipita tu."

Hakusema, na wewe ulisikiliza. Alinitazama kidogo, halafu akaenda kuosha uso.

Alhamisi, 26 Agosti

Asubuhi wodi imemwambia Lazare Anésie amelala vizuri, bado yuko kwenye mashine. Ameyatuma maneno hayo kwa Chepngetich na kwangu, pamoja. Ni mara ya kwanza ametuweka pamoja.

Sasa Chepngetich na wenzake wako kwenye kikao cha Zoom. Profesa wake, Gitau, na mtu wa kamati ya maadili. Naandika huku nawasikia, mlango haushiki vizuri tangu majira ya baridi yaanze.

Gitau anazungumza kama nesi, bila kupandisha sauti. Ametaja saa ambayo Anésie alipiga, amesoma maneno yake, amesoma jibu la mashine. Profesa amevuta pumzi. Kisha Gitau akauliza kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiingereza ili wenzake wafuate: zile rekodi za mwisho, zilipitiwa na nani?

Kiti kikasogea. Chepngetich amezima maiki, amekuja hapa mlangoni. Hakuingia.

"Mwiti."

"Naam."

"Wanauliza nani alipitia rekodi."

"Nimesikia."

Alikuwa anatazama ubao wa pasi, vitabu vyangu vilivyopangwa juu yake, si mimi. Macho yamevimba.

"Uliifikia ile ya Anésie?"

"Nipe dakika moja," nikasema. Dakika moja ya nini, sijui.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Amerudi mezani. Nimesikia akivuta kiti, akifungua maiki.

Anasema ni yeye. Anasema alizipitia mwenyewe, peke yake, na akakosea.

Sauti haitetemeki. Profesa anamshukuru kwa uaminifu wake, anasema ni watafiti wachache wangesema hivyo wazi. Mtu wa kamati naye anamshukuru. Hata Gitau ameshusha sauti, anamwita dada.

Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani ni kwamba hata hili amelipata yeye.

Nimesimama. Nimekaa tena. Bado wanaongea, na mlango uko wazi kiasi cha mkono. Nikisema kutoka hapa nilipo, watanisikia.