Faini Zinakuja kwa Jina Lako

Baba,

Ijumaa tulikuja kaburini, mimi na Mama, lakini mbele yake sikuweza kusema lililokuwa linanikaba. Kwa hiyo naandika.

Simu yako bado iko hewani. Ile ndogo, yenye kioo kilichopasuka. Mama anaichaji kila asubuhi na kuiweka kando ya mkeka wake wa kuswalia, na kila ikilia anainua kichwa: "Zaitun, Mzee anatafutwa." Naichukua, nasoma, halafu namwambia ni watu wa mtandao wanatangaza vifurushi.

Si vifurushi, Baba. Ni faini. Tangu uondoke wameweka kamera juu ya nguzo, na kamera haina afande wa kumwambia samahani, sitarudia. Ukipita na thelathini na tisa mahali pa kilomita thelathini kwa saa, inasoma nambari ya gari, inamtafuta mwenyewe kwenye kompyuta, na mwenyewe bado ni wewe. Ujumbe unaanza kwa Kiingereza cha adabu: mpendwa, halafu jina lako lote mpaka la babu. Halafu barabara, saa na kosa. Wewe uliyejisifu kwa kila mgeni kwamba miaka arobaini ya kuendesha gari hujawahi kukamatwa hata siku moja, umekufa ndipo umekuwa mhalifu. Ningecheka kama nisingekuwa naogopa.

Na naogopa, Baba. Acha niseme wazi, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Naogopa kuanzia getini. Lile shimo la mbele ya duka la mkaa limekuwa bwawa. Walikuja wakalijaza udongo mwekundu, mvua ya kwanza ikaubeba wote. Mtaa mzima wa Kyebando unajua lilipo, kwa hiyo kila dereva analikwepa kwa kunijia mimi usoni. Bodaboda wananipita kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Juzi mmoja alikuwa amebeba kitanda cha mbao, na mwenye kitanda amekaa juu ya kitanda chake, anaongea na simu. Nilifunga macho. Ndiyo, nilifunga macho nikiwa kwenye usukani, na nilipoyafungua nikakuta bado niko hai, nikaendelea. Misafara ya wakubwa ikija na ving'ora upande usio wake, nasogea mpaka tairi linaning'inia kwenye mtaro, na bado askari anapita akinigongea bati kama anayeswaga ng'ombe.

Ulipokuwa unanifundisha sikuogopa hivi. Unakumbuka zile Jumapili alfajiri, pale karibu na soko la Owino ulipozoea kuegesha ukisubiri abiria wenye mizigo, kabla wachuuzi hawajajaza njia? Ulikaa upande wa abiria, mkono kwenye breki ya mkono, kofia yako nyeupe imekushukia machoni, unajifanya umelala. "Usimwangalie bodaboda usoni," uliniambia. "Angalia tairi lake la mbele." Na lile jingine, ulilolisema huku umefumba macho: "Ukimgusa mtu usishuke, watakuua hapo hapo. Endesha mpaka kituo cha polisi, ukalie huko." Nilicheka. Sasa kile kiti kiko wazi, na kila bodaboda anapokaribia kioo changu cha pembeni nayasikia maneno hayo, na mkono wangu unaenda wenyewe kwenye breki.

Ningeliacha gari kabisa, ningelifunika turubai. Lakini Mama anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi. Unajua alivyo, kwenye pikipiki hawezi kukaa. Akikosa hata siku moja anavimba, anaanza kuhema akiwa ameketi tu. Bila gari hili sina Mama. Na zile faini zinasema wazi mwishoni, zisiposhughulikiwa gari litazuiwa.

Utauliza, kwa nini basi gari bado ni la kwako? Wadogo zako walikuja kutoka Bombo kwenye dua ya arobaini, wakakaa, wakakubaliana bila maneno mengi kwamba gari nichukue mimi kwa ajili ya Mama. Mahakama imekwisha kutoa karatasi ya usimamizi wa mirathi. Kila kitu kiko kwenye bahasha ya kaki. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya magari na kusaini, ili kadi isome jina langu. Miezi mitatu sijaenda. Watu nawaambia foleni ni ndefu.

Foleni si ndefu. Ni jina. Hakuna mwingine anayekuandikia tena, Baba. Madereva wenzako walikutoa kwenye kundi lao la simu wiki ile ile ya mazishi, na sikuwalaumu. Abiria wako wa Owino walipiga mwezi wa kwanza, wakapewa habari, wakalia, wakaacha. Imebaki kamera tu inayoamini kwamba uko hai na unaendesha.

Sasa naungama. Makosa mawili ya kwanza yalikuwa ya kweli; nilifuata mwendo wa wenzangu, sikutazama saa ya spidi. La tatu nilifanya makusudi. Barabara ilikuwa tupu. Niliiona nguzo, niliijua, nikakanyaga mafuta. Nilitaka simu ilie. Nilitaka nimsikie Mama akisema Mzee anatafutwa. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa watu, navunja sheria ili baba yangu aandikiwe. Nilifurahi kwa kama dakika moja. Halafu nikaona nimeiweka rehani damu ya Mama, nikaegesha pembeni, nikazima gari.

Na Alhamisi ikafika. Mama alikuwa amekosa Jumatatu kwa sababu mvua ilifunga njia yetu, kwa hiyo Alhamisi aliamka uso umevimba, anavuta pumzi fupi fupi. Nikamlaza kiti cha nyuma. Kwenye ile njia panda kubwa baada ya mzunguko, jamu ilikuwa imejifunga, na trafiki aliyevaa sare nyeupe alikuwa amesimama katikati akiongoza kwa mikono. Nikafika mbele kabisa. Taa ikawa nyekundu. Trafiki akaniita kwa mkono, pita.

Najua, Baba. Ulinifundisha: mkono wa askari unashinda taa. Hata mtoto wa Kampala anajua kwamba hapa taa zinawaka kwa mapambo, bosi ni mkono. Lakini juu ya taa kulikuwa na kamera. Kamera inaona nyekundu tu, nikawaza, huyu na mkono wake haimwoni. Hii itakuwa ya nne. Watalichukua gari. Mguu ukakataa. Trafiki anapunga, mimi natazama taa. Nyuma yangu honi zikaanza, moja, kumi, zote. Bodaboda wakanizunguka wakinitukana kwa Kiganda na Kiswahili. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Zaitun, mwenyewe anatuita. Twende." Nikaachia klachi vibaya, gari likazimika. Nikawasha, likazimika tena. Pumzi yake niliisikia juu ya honi zote hizo, na nikadhani ndipo anapofia, hapo, mita tatu kutoka kwa askari anayenipisha.

Trafiki akaja akiwa amewaka, Kiganda kimemchanganyikia Kiswahili. "Nyabo, mimi nasema kuja, wewe naangalia taa? Taa nakupa mshahara? Leta leseni!" Mikono ilikuwa inatetemeka hivi kwamba nilichomoa ya kwanza niliyoigusa kwenye kile kikoba chako cha garini, ninamoweka na ya kwangu. Akaitazama, akanitazama. Nilikuwa nimempa ya kwako. Picha yako na kofia, umenuna kama uliyepigwa picha kwa nguvu.

Nikalia, Baba. Barabarani, mbele ya watu wote wale. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: huyu ni baba, amefariki, gari ni lake, faini zinakuja kwake, yule nyuma ni mama, anakwenda kwenye mashine, nimeogopa kamera. Yule mtu hasira zikamwisha. Akainama, akachungulia nyuma, akamwona Mama. Akanirudishia leseni yako kwa mikono miwili. "Pole sana, nyabo. Lakini mzee amekufa, hawezi kujibu kesi. Andika jina yako." Kisha akarudi katikati, akanyoosha mikono yote miwili, akasimamisha kila upande, malori, bodaboda na magari ya wakubwa, na njia panda nzima ikanyamaza kwa ajili ya gari lako. Nikavuka na nyekundu. Sijui kama kamera ilituona.

Hospitalini muuguzi alikuwa ameanza kumwandalia mgonjwa mwingine ile mashine. Alipomwona Mama alimwondoa yule mwingine, wakamkimbiza Mama ndani. Baadaye akanishika bega, akaniambia nisimcheleweshe tena hivi. Niliketi kwenye benchi mpaka alipotoka.

Jioni ile nilimweleza Mama kuhusu faini. Nilidhani nitamwua mara ya pili. Akaniambia, "Vifurushi gani vinamtetemesha mtu mikono? Nilijua tangu ule wa kwanza." Akanitaka nimsomee zote tatu, neno kwa neno, na jina lako bila kulikatisha. Nikasoma. Nilipomaliza nikamkumbusha majigambo yako, kwamba hujawahi kukamatwa, akacheka mpaka akashika ubavu.

Baba, wewe ni mwongo! Anasema ulikamatwa mara mbili kabla sijazaliwa, na ya pili alikuletea chai kituoni ndani ya chupa, akiwa na mimi tumboni. Na anasema tangu siku hiyo uliogopa. Kila asubuhi uliingia ndani ya gari ukakaa kimya muda mrefu, mikono juu ya magoti, kabla ya kuwasha. Sisi watoto tulidhani unasoma dua ya safari. Dua ulikuwa umeshaisoma ndani ya nyumba, anasema Mama. Pale ulikuwa unangoja mikono iache kutetemeka. Miaka yote hiyo. Na ulipokaa kando yangu kule Owino umefumba macho, nikadhani unaniamini, kumbe ulikuwa huthubutu kutazama.

Sijui kwa nini hukuniambia. Labda ningekataa kujifunza. Nimekukasirikia siku mbili, na leo sikukasirikii tena, ila ningependa ungeniambia.

Kuhusu jina, Mama alisema maneno machache: "Mzee alikuwa dereva. Hakuwa gari. Nenda ukasaini." Halafu akageuka ukutani, na nilijua analia, nikamwacha alie.

Kwa hiyo ninaaga, Baba. Hii si buriani ya kaburini, ile tulishaisema. Hii ni ya kwenye kadi ya gari. Faini tatu nimezimaliza, usiulizwe kitu huko uliko. Nakuahidi hakuna kosa jingine litakaloandikwa kwa jina lako. Makosa yangu nitayabeba mimi, na nitajitahidi yawe machache. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, akuweke mahali ambapo hakuna anayekupigia honi.

Kesho ni Jumatatu. Mama akishafungwa mipira ya mashine, anakaa pale masaa manne, na ndani ya masaa hayo nitakwenda kusaini. Naogopa ile meza. Naogopa njia ya kwenda huko, naogopa na ya kurudi. Nikishasaini sitakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Mvua imeanza kunyesha sasa hivi ninapoandika, na bado ni lazima Mama awe hospitalini saa tatu, Baba, na dereva wake ni mimi.

Mwanao,
Zaitun