Ukuta Tuliochora Pamoja

Jumanne, shuleni Majimbo

Na moyo bado mzito vilevile. Mshauri wa wanafunzi alisema tukichora ukuta mmoja sisi wanafunzi sita wa kundi lake, tutajifunza kutuliza hasira na huzuni. Wenzangu walichora wakicheka mchana kutwa. Mimi nilichora nyumba yetu ya Kianjai, lakini nilipofika mlangoni, pale mama alipozoea kusimama kabla hatujamzika, mkono ulikataa.

Kendi, tunayesoma naye, akaniuliza, "Nikusaidie kumalizia?"

Nikamfokea, "Wachana na mimi!" Kendi akachora nyasi kando yangu, polepole, mpaka nikatulia.

Kesho nitamwomba msamaha. Wiki iliyopita nilimwomba mwenzetu mwingine niliyemfokea. Nimechoka kuomba msamaha, na hasira yenyewe haiishi.