Namwogopa Mkwe, Nampakia Mtoto Kwenye Pikipiki

Mshauri wetu mpendwa Bibi Febronia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na huwa nawacheka wanaume wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, naomba msaada wako na naomba sana usinitaje jina kwa sababu huku nafahamika, mimi ndiye Bwana Mifugo wa vijiji vya huku Ikungi na serikali imenipa pikipiki ya kuzungukia majosho ya kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe.

Nina mke na mtoto mmoja wa kike, Klara, hajafikisha miaka minne. Mama Klara alichaguliwa na kijiji aende Singida mjini kwenye kozi ya kulea watoto wadogo, ili akirudi afungue kituo cha wale ambao mama zao wako shamba la ujamaa, na mimi nilifurahi kwa sababu ni heshima, nikamwambia nenda mama, usiwe na wasiwasi, dada yangu yupo atakaa na mtoto. Akaenda. Haikupita wiki dada yangu akaitwa kwa mumewe, mama mkwe wake kavunjika mguu, nikabaki mimi na Klara na pikipiki.

Sasa Bibi utaniuliza, je, hakuna mtu mwingine wa kumwachia? Yupo, na hapo ndipo penye shida. Mama mzazi wa mke wangu anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Si kwa kupenda kwetu, zamani yeye alikaa kwake ng'ambo ya kilima na mimi kwangu, tukaheshimiana vizuri kwa mbali kama inavyotakiwa, lakini ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini wapimaji walileta kamba zao wakapiga mstari, nyumba hapa na nyumba pale, hawakuuliza nani mkwe wa nani, nikaamka asubuhi ya kwanza nikatoka nje na kaptula ya kulalia, mswaki mdomoni, namwona mkwe wangu anafagia uwanja. Nilirudi ndani nikakaa mpaka jua likawa kali. Wewe unajua desturi zetu Wanyaturu, mkwe ukimwona njiani unaacha njia, jina lake hulitaji, mbele yake huli, sasa nitaanzaje kusimama mlangoni kwake nimwambie nishikie mtoto, mwogeshe, na hizi hapa nguo zake amejikojolea jana. Bibi, niliona nitakufa kwa aibu.

Nikaamua kumpakia. Mwanzo nilimweka mbele juu ya tangi, lakini alikuwa anabonyeza honi njia nzima na jua likipanda tangi linamchoma, nikamhamishia nyuma, nikamfunga kiunoni kwangu kwa kanga ya mama yake. Kofia niliyopewa ni moja, na kwa kuwa ni mali ya serikali niliona si vizuri kumvalisha mtoto.

Na nikwambie ukweli, mambo yalininyookea. Zamani nikifika joshoni nawakuta wazee wawili na mbwa, ng'ombe wote wamefichwa porini, wanadhani nimekuja kuhesabu. Mzee Alute, ambaye kila mara aliniapia kwamba hana hata ndama, siku ya kwanza alipomwona Klara mgongoni kwangu akasema mtu mwenye nia mbaya haji na mtoto mdogo, akapiga mluzi, nikaona ng'ombe wanatoka porini hawaishi. Tangu hapo Klara wanampa maziwa na kumwita mgeni wetu, na mimi nimesifiwa mkutanoni mbele ya mkubwa wangu wa wilaya kwamba majosho yangu yanajaa. Nikajisemea, kumbe mtoto huyu ni baraka.

Mkwe wangu hakupenda. Hawezi kunisema uso kwa uso, kwa hiyo akawa anasema na kuku. Asubuhi nikiwasha pikipiki anawaambia, "Ninyi kuku mna akili, hamvipandishi vifaranga vyenu juu ya kitu kinachokimbia." Siku nyingine anawaambia, "Kama kuna mtu mzigo umemshinda, si aseme? Mimi mikono yangu haijakatwa." Nilikuwa nasikia vizuri kabisa, lakini kwa kuwa alikuwa anaongea na kuku niliona si heshima kuingilia.

Sasa wiki iliyopita tunakwenda kwa Mzee Alute, kuna korongo la mchanga hapo kati, nikapunguza mwendo, pikipiki ikayumba, ikakaa sawa, nikaongeza mafuta tukaendelea. Nikawa naongea naye kama kawaida yangu, Klara, ona digidigi yule, kimya, Klara, leo utakunywa maziwa, kimya, nikasema moyoni amelala, mtoto mwenye adabu huyu, hasumbui. Nikafika. Wazee wote wamesimama, Mzee Alute anacheka toka mbali, akaja akazunguka nyuma ya pikipiki, akaniuliza, "Mgeni wetu yuko wapi?"

Nikageuka. Kanga ya mama yake ilikuwa inaning'inia.

Sijui niliiwashaje tena ile pikipiki. Nililia njia nzima kwa sauti, mwanaume mzima na kofia ya serikali kichwani. Nikamkuta pale pale korongoni ameketi, anachimba mchanga kwa mikono kama wanavyochimba wanawake wakitafuta maji, kiwiko kimechubuka na shavu lina mchanga, akaniangalia akasema, "Baba, umeniacha." Nilimkalisha juu ya kiti nikaisukuma pikipiki imezimwa mpaka nyumbani, mkono mmoja nimemshika yeye.

Shida iliyopo sasa ni kwamba Klara anasema. Kila anayekutana naye anamwamkia shikamoo, halafu anamwambia, "Baba aliniangusha, akaenda kwa ng'ombe." Kamwambia Bwana Mathayo, balozi wetu wa nyumba kumi, kamwambia mwenyekiti wa kijiji, kamwambia bibi yake, na tangu siku hiyo mkwe wangu hasemi hata na kuku, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakonitisha. Nilimnunulia mtoto peremende ili asiseme, akaipokea kwa mikono miwili, akaila, akaenda kumwambia aliyeniuzia. Na Mama Klara anarudi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo naomba unishauri, mtoto wa umri huu anasahaulishwaje, au angalau anafundishwaje kusema kwamba alianguka mwenyewe alipokuwa anacheza? Mke wangu ana moyo mzuri lakini kwa mtoto wake hana mzaha, atamchukua na ataondoka, namjua. Na pili, nikipata kamba ya ngozi ya ng'ombe, ile madhubuti, nikamfunga vizuri zaidi, naweza kuendelea kwenda naye? Maana bila yeye naogopa ng'ombe watarudi porini. Usinione mtu mbaya, nampenda sana mwanangu, nikifumba macho naiona ile kanga.

Ni mimi,
Bwana Mifugo mwenye mashaka

BIBI FEBRONIA ANAJIBU

Marahaba, Bwana Mifugo. Barua yako nilianza kuisoma nikacheka hadi wenzangu wakaja kuuliza kuna nini, nikawasomea. Tulipofika kwenye ile kanga hakuna aliyecheka tena.

Nianze na kamba ya ngozi. Hapana. Mtoto hafungwi kama ndama anayepelekwa mnadani. Mchanga huangusha hata madereva hodari, na siku utakapoanguka na wewe, utakuwa umemfunga mwanao kwenye mwili wa mtu mzima na chuma cha moto, vyote vimlalie. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, ambaye mikono yake bado haijui kung'ang'ania, ambaye jua likipanda anasinzia, huyo si abiria hata ukimfunga kwa mnyororo. Akikua, miguu ikafika, umtafutie kofia yake mwenyewe, ndipo tuzungumze. Na hiyo kofia yako nayo imenishangaza. Kila siku tunahubiriwa kwamba watoto ndio taifa la kesho, wewe ukaona taifa libaki kichwa wazi lakini mali ya serikali isipate vumbi.

Mama yake yuko mjini anafundishwa kulea watoto wa kijiji kizima, wa kwake yuko korongoni peke yake anachimba maji. Hapo sitaongeza neno, mwenye kuliongeza yupo.

Sasa mkweo. Usiniambie habari za desturi kama vile nimezaliwa pwani. Mimi pia nina wakwe wa kiume, wawili, na wote wananipisha njia, na naipenda heshima hiyo. Lakini desturi ya kumwachia mkwe njia ni ya kulinda nyumba, na mjukuu ndiye nyumba yenyewe. Mficha uchi hazai, baba. Mama wa watu amesimama uwanjani asubuhi baada ya asubuhi anasema mikono yake haijakatwa, ulitaka aseme nini tena? Kwa adabu zetu sisi, ile ilikuwa ni kukuomba mtoto. Mkwe wa kike hawezi kwenda mbele zaidi ya hapo bila kujivunjia heshima. Aliomba kwa njia aliyoruhusiwa, wewe ukajifanya maneno ni ya kuku. Kwa hiyo aliyevunja adabu hapo ni wewe, tena uliivunja kila ulipowasha pikipiki. Na hizo nguo zilizokojolewa zisikutoe jasho. Mkeo naye alikuwa mtoto, na aliyemfulia ni huyo huyo.

Kuhusu ng'ombe wako wa porini nitakusema kidogo. Mzee Alute alisema mwenye nia mbaya haji na mtoto mdogo. Maneno mazuri, lakini hukuyaelewa. Wewe uliyasikia ukaona umepata cheti cha kuingilia katika maboma ya watu. Unaogopa kwenda peke yako, ndiyo maana unamtanguliza mtu asiyejua hata kufunga vifungo vya gauni lake. Wazee wale sasa wanakujua, walikuona ulivyogeuza ile pikipiki, na hakuna anayesahau uso wa baba katika hali ile. Nenda ukawaambie mtoto ni mzima. Kaa chini, unywe maziwa wewe mwenyewe, uulize hali za ng'ombe kabla hujauliza idadi yao. Wakiwaficha, waache wawafiche. Kupe watawaleta.

Nimefika kwenye lile swali lako lililoniudhi, la mtoto asahaulishwe, afundishwe uongo. Unataka Klara anyamaze. Alinyamaza toka korongoni mpaka joshoni, ukasema ana adabu. Wewe baba wewe, hujashiba kimya chake? Mshukuru Mungu kwamba ana mdomo wa kukushitaki. Huyo mtoto haendi kwa balozi kukuchongea, anakwenda kwa watu wazima mmoja baada ya mwingine anatafuta wa kumwambia kwamba halitatokea tena, na wewe ambaye ndiye wa kumwambia, unampa peremende. Chuchumaa chini, macho yenu yakutane, umwambie, "Ni kweli mwanangu, baba alikuangusha, na hatakupakia tena." Useme hivyo hivyo, bila kuongeza "lakini". Utaona habari hiyo itakavyopungua mdomoni mwake bila ya sukari.

Basi fanya hivi. Kabla hujanywa chai mtafute huyo Bwana Mathayo atangulie kwa mkweo. Wewe simama pembeni ya uwanja, vua kofia, tazama chini, yeye akusemee kwamba mkwe amekosa na anaomba mtoto alelewe. Peleka kopo la asali. Kuku usipeleke, anao wa kuongea nao. Na yeye akikaa kimya usikimbie, simama hapo hapo mpaka apokee, hata jua likupige, maana ni haki yake kukusimamisha. Akishampokea Klara usikae kueleza ulivyobanwa na kazi. Weka nguo za mtoto mahali anapoweza kuziona, uondoke.

Uliniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. La Klara nimeliacha kwa sababu yeye hana la kuficha. Ila ujue kwamba Bwana Mifugo wa Ikungi mwenye pikipiki ya serikali na binti mmoja hatuna wawili mkoa huu, na huko kwenye kozi kina mama husomewa gazeti hili kwa sauti kila Jumamosi, darasa zima, nimehakikisha. Leo ni Ijumaa. Mkeo anastahili kusikia jambo hili kutoka kwenye mdomo wako, siyo wa mwalimu, na akishasikia, atakalosema ulipokee lote. Klara akishapokelewa na bibi yake, washa pikipiki uende Singida leo hii, na uende peke yako.