Sikupima Si Sifuri

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikijua huwezi kunijibu, na hilo linanipa ujasiri, maana habari yenyewe inanitia aibu.

Nimekuwa wewe kabisa. Nakumbuka ulivyochoma bambo, kile chuma cha kutolea punje, kila gunia la mahindi kabla ya kulinunua, hata lile la parokiani. Padri akacheka, "Mzee, hata sisi?" Ukamjibu, "Baba Padri, gunia halijaungama." Nilijificha nyuma ya mlango wa ghala kwa haya.

Halafu lile daftari la mvua. Kila asubuhi ulikisoma kipimo shambani kwetu Mpepai, na hukuruhusu mtu mwingine akiguse. Wiki uliyokwenda msibani Kitura, uliporudi uliandika "sikupima" siku saba mfululizo. Bwana shamba akakusihi uweke sifuri ili fomu yake ijae. Ukakataa katakata. "Sifuri maana yake nimetazama nikakuta pakavu. Mimi sikutazama." Nilikuwa darasa la sita, na neno hilo nililishika kuliko katekisimu.

Ndiyo maana nilipoandika programu ya kuwatahadharisha wakulima juu ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa mvua zikizidi, niliifundisha kuziheshimu siku zisizopimwa. Niliiacha huria, anayeitaka aichukue na kuirekebisha. Mwaka huu wanasayansi fulani wa mbali wakaniandikia. Wanataka kuifunga katika kontena rasmi, yaani programu na kila inachohitaji ndani ya kifurushi kimoja, ili popote kitakapofunguliwa ifanye kazi vilevile. "Huna haja ya kufanya lolote," wakamalizia.

Baba, sentensi hiyo ilininyima raha. Nani kawapa hilo neno rasmi? Mbona wapole hivyo, wanataka nini? Nilipomsomea mama, akasema, "Mwanangu, watu wema wapo." Sikumsikiliza. Nilikipakua kifurushi chao cha majaribio, nikakipa daftari lako. Kikanijibu kwamba wiki ile ya Kitura ilikuwa kavu. Kavu, baba! Wiki ambayo mvua ilibomoa choo chetu! Nikaona basi, wameshatia mkono wao. Niliwaandikia maneno makali ambayo hata wewe ungesema nimezidisha.

Walijibu kwa mistari miwili. Hawakugusa kitu. Wakanionyesha mahali penyewe kwenye msimbo wa programu: kipimo kikikosekana, weka sifuri. Pembeni lilikuwapo jina la aliyeandika, nalo ni langu. Niliuweka mstari huo kabla ya mvua za mwaka huu, nikiharakisha kuondoa hitilafu nyingine, nikijiambia nitarudi kuufuta. Sikurudi.

Nimewaomba radhi, nimeufuta, na kontena lililotoka ni safi. Nimelikagua mara nne na bado sijiamini.

Lakini kabla sijaufuta, mama alikuwa akitumia programu hiyohiyo kwenye simu yake. Mvua zilipokolea alikwenda Mbamba Bay kumuuguza mama mdogo, na kwa siku nne kipimo chako hakikusomwa. Aliporudi, simu ikamwambia hakuna haja ya kupuliza dawa. Jana nilishuka kuitazama mibuni yako ya bondeni. Matunda ni meusi, mti hadi mti.

"Niliyaona matope mpaka mlangoni," mama aliniambia. "Nikasema, huyu amesoma, mimi ni nani nimbishie?"

Nilitamani anigombeze. Nilimwomba tangu sasa asiniamini kabla hajatazama kwa macho yake. Akacheka, akanipakulia ugali na usipa, vile vidagaa vya ziwani, akasema nimekonda.

Pumzika, baba. Ukipata nafasi ya kumtokea mama ndotoni, mfundishe kunishuku.

Ni mimi,
kitindamimba wako.