Mwaka Nyumba Yangu Iliposamehewa Kodi

Mjukuu wangu Desideria,

Hapa Sumbawanga hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna ulezi. Umeniuliza kama ni aibu kuomba nafuu ya kodi kwa nyumba unayojenga.

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, karibu na Kate, mkoani humu humu, nilikuwa mjane na nimejenga nyumba isiyo na mlango. Pesa ya mlango nilimpelekea karani, kijana wa Mbeya, iwe kodi. Akanirudishia.

“Mama, nyumba mpya zimesamehewa. Tangazo liko ukutani.”

“Sijui kusoma, mwanangu.”

Akainuka, akanisomea lote polepole, huku watu wakisubiri.

Nilinunua mlango, kisha nikajiandikisha kisomo cha watu wazima. Kaombe bila aibu. Namshukuru karani yule kila ninaposhika kalamu kukuandikia mwenyewe.

Bibi yako